Furukombe kwenye karatasi: mwongozo kamili wa kutambua, kununua na kutunza picha za kale za ndege

Ukimsikia furukombe mara moja, humsahau. Hurudisha kichwa nyuma mpaka kisogo kikakaribia mgongo, kisha hupiga ukelele unaovuka ziwa. Mfaransa François Levaillant aliusikia ukelele huo alipokuwa akisafiri Afrika Kusini kati ya 1781 na 1784, na aliporudi Paris akampa ndege huyo jina la Le Vocifer, yaani mpiga kelele. Picha yake ni bamba (yaani picha ya ukurasa mzima, yenye namba yake) la 4 katika Histoire naturelle des oiseaux d'Afrique, kitabu kilichotoka kidogo kidogo kuanzia 1796 hadi 1808, chenye mabamba 300. Mwaka 1800 mtaalamu mwingine, Daudin, alilitumia jina hilo kumwingiza ndege kwenye orodha ya kisayansi, na hadi leo furukombe anaitwa vocifer.

Picha za namna hii bado zinauzwa, mojamoja, kwa sababu vitabu vingi vilikwisha kuchanwa zamani. Watu huniletea karatasi hizo, nyingine zikiwa zimeshanunuliwa kwa pesa nyingi, na swali lao huwa moja: ni ya kweli? Wengi humkodolea macho ndege. Ndege hawezi kukujibu, kwani hata printa ya ofisini inaweza kumtoa akiwa mzuri. Anayejibu ni karatasi, wino na ukingo. Mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoutumia mwenyewe, tangu siku ya kutamani picha hadi siku ya kuitundika ukutani, katika nyumba iliyo karibu na bahari.

Hatua ya 1: Chagua safari moja, uijue kabla ya kutoa hata shilingi

Usianze na "picha za ndege". Anza na safari moja, na kitabu kilichozaliwa na safari hiyo. Kila safari ilikuwa na wachoraji wake, mtindo wake wa kuchapa na makosa yake, na ukishaijua moja vizuri muuzaji hawezi kukuyumbisha.

Levaillant ni mlango mzuri kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa ndege wake wengi tunao: furukombe, pungu, na yule kekeo mdogo wa kijani kinachometameta. Wanaopenda safari za meli wanaweza kufuata meli ya Kifaransa Coquille, iliyozunguka dunia kati ya 1822 na 1825. Ndege wa safari ya Beagle, ile aliyosafiri nayo Charles Darwin, walichapishwa kati ya 1838 na 1841 wakiwa na mabamba 50. Eduard Rüppell, Mjerumani aliyetembea Sudani na Uhabeshi, alitoa mwaka 1845 kitabu cha ndege wa kaskazini mashariki mwa Afrika chenye mabamba 50 ya Joseph Wolf, kijana wa miaka 25 wakati huo, aliyekuja kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa wanyama wa karne ile.

Tena kuna safari iliyopita kwetu kabisa. Baron Carl Claus von der Decken alizunguka pwani na nchi ya Kilimanjaro, akauawa mwaka 1865 huko Baardheere kwenye mto Juba. Ndege wa safari zake waliandikiwa kitabu na Otto Finsch na Gustav Hartlaub, kikatoka mwaka 1870 kwa jina la Die Vögel Ost-Afrikas. Yule hondohondo mweusi na mweupe, ambaye dume lake lina mdomo mwekundu wenye ncha ya njano, hadi leo anaitwa kwa jina la Decken.

Ukishachagua, nenda kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Ni bure, na vingi vya vitabu hivi vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Itafute picha unayoitaka, uitazame ikiwa ndani ya kitabu chake, uandike namba ya bamba, maneno yote yaliyochapwa juu na chini yake, na upande ndege alikoelekea. Kazi hii ya nusu saa imeniokolea pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote. Picha inayouzwa ikiwa imegeuka kulia badala ya kushoto, au namba yake haipo, tayari una swali la kumuuliza muuzaji.

Nikukumbushe jambo moja kuhusu Levaillant. Mwaka 1857 Msweden Carl Sundevall aliwapitia ndege wake wote, akaonyesha kwamba baadhi hawakutoka kabisa sehemu zile alizodai, na wengine waliungwaungwa kwa manyoya ya ndege tofauti. Kwa hiyo ukikuta ndege asiyefanana na yeyote kwenye vitabu vya leo, usikimbilie kusema picha ni bandia. Huenda ndege ni wa uongo na karatasi ni ya kweli.

Hatua ya 2: Soma maandishi madogo chini ya picha

Chini ya picha, karibu na mstari wa mwisho wa bamba, kwa kawaida kuna maneno ya Kilatini yaliyofupishwa, madogo kama punje za mchele. Pinx. au pinxit maana yake fulani alipaka rangi picha ya asili. Del. au delineavit, fulani alichora. Sculp. au sc., fulani alichonga bamba. Lith., fulani alichora juu ya jiwe. Imp., fulani alichapa. Aliyechora yuko kushoto, aliyechonga yuko kulia, na mchapaji mara nyingi hukaa katikati. Katika kitabu cha Levaillant mchoraji wa ndege alikuwa Johann Lebrecht Reinold. Levaillant mwenyewe ndiye mwandishi, kwa hiyo muuzaji anayekuambia "Levaillant amechora hii" hajaisoma karatasi anayoiuza.

Yapo na majina yasiyoandikwa. Picha za ndege wa Beagle huuzwa kwa jina la John Gould, lakini aliyezichora juu ya jiwe ni mkewe, Elizabeth. Na katika kitabu cha Levaillant wapo Waafrika wawili waliobaki kwenye majina ya ndege. Klaas, Mkhoikhoi aliyesafiri naye, ndiye mwenye jina la yule kekeo wa kijani, bamba la 212. Narina, mwanamke wa Kikhoikhoi, alipewa ndege wa kijani mwenye kifua chekundu anayeishi hata katika misitu yetu, mabamba ya 228 na 229. Mimi nikiiona picha ya kekeo huyo huanza kumfikiria Klaas kabla ya Mfaransa.

Maandishi haya ndiyo cheti cha kuzaliwa cha picha. Picha yangu ya kwanza niliipeleka kwa fundi wa fremu, sikumpa maelezo yoyote, nikarudi baada ya siku tatu. Alikuwa ameikata kingo zote nne ili iingie kwenye fremu aliyokuwa nayo. Namba ilikwenda, majina yalikwenda, alama ya bamba, ule mbonyeo unaoizunguka picha, ilikwenda. Fundi alifanya kazi safi kwa jinsi alivyoielewa, na kosa la kutomwambia lilikuwa langu, lakini bado naumia. Ukimpelekea fundi picha ya kale, simama hapo, au mwandikie kwa kalamu nyekundu kwenye bahasha: USIKATE.

Hatua ya 3: Lenzi ya sonara

Nunua lenzi ndogo wanayotumia masonara, ya kukuza mara 10. Isogeze hadi karibu na jicho, kisha inamia karatasi mpaka mistari itulie. Kuna mambo matatu unayoweza kuyaona.

La kwanza ni bamba la shaba. Mchongaji alisukuma chuma chenye ncha ndani ya shaba, kwa hiyo mstari wake huanza mwembamba, hunenepa katikati, na huishia kwa ncha kali. Wino ulijazwa ndani ya mifereji hiyo, karatasi ikaloweshwa, ikakandamizwa kwa mashine nzito hadi ikauvuta wino nje. Ndiyo maana wino wa shaba una unene. Inua karatasi, mwanga wa dirisha uipite kwa ubavu, nawe utaona mistari imesimama juu ya karatasi kama uzi wa darizi. Mashine hiyo hiyo huacha alama ya bamba, mbonyeo wa mstatili unaoizunguka picha. Pitisha ncha ya kidole safi upande wa nyuma, utausikia.

La pili ni litografia, ambapo mchoraji alitumia kalamu ya mafuta juu ya jiwe. Hapa hakuna mbonyeo wala unene wa wino. Chini ya lenzi, vivuli ni chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyopita juu ya ukuta wa simenti. Picha za Beagle na za Wolf ni za namna hii. Wauzaji wengi huziita zote "za kuchongwa", na si lazima wawe wanadanganya, lakini wewe ijue tofauti, maana litografia isiyo na alama ya bamba ni halali kabisa, ilhali "bamba la shaba" lisilo na alama hiyo lina mashaka, isipokuwa kingo zimekatwa.

La tatu ni chapa ya kisasa. Utaona vitone vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyojipanga kama viua vidogo. Ukiviona hivyo, funga mazungumzo. Printa ya wino nayo huacha vitone vilivyonyunyizwa, na mistari myeusi inapoteza ukali wake. Mbonyeo wa bamba usikutoshe peke yake, kwani unaweza kubonyezwa baadaye juu ya nakala. Mbonyeo uandamane na wino wenye unene.

Ngoja nikuonyeshe kitu kwenye mabamba ya Levaillant ambacho nakala hushindwa kukiiga. Mengi yalichapwa kwa rangi: mchapaji alipaka wino wa rangi tofauti sehemu mbalimbali za bamba lilelile moja, kwa vifundo vya kitambaa, kisha akalichapa mara moja tu. Weka lenzi kwenye tumbo la furukombe, mahali penye rangi ya kahawia inayokaribia wekundu. Mistari yenyewe ni ya kahawia. Haikuwa mistari myeusi iliyopakwa kahawia juu yake. Fuata unyoya hadi kwenye bawa, utaona mistari ikibadilika taratibu hadi nyeusi, na pale zinapokutana rangi mbili zimelowana kidogo, kila karatasi kwa namna yake. Baada ya hapo mtu alimalizia kwa brashi. Angalia jicho: tone la gundi ya mgunga limewekwa ili ling'ae, na ukiinamisha karatasi jicho linameta huku manyoya yakibaki bila mng'ao.

Hatua ya 4: Iulize karatasi umri wake

Iweke karatasi mbele ya dirisha. Karatasi za namna ya kale zaidi zina mistari ya waya iliyosongamana na mingine michache inayoikata, kwa sababu zilitengenezwa juu ya wavu wa waya. Kuanzia katikati ya karne ya 18, kiwanda cha James Whatman huko Uingereza kilitengeneza karatasi laini isiyo na mistari hiyo, na wachapaji wa picha wakaipenda. Zote mbili zinawezekana kwa mwaka 1800. Tafuta pia alama ya maji. Whatman alikuwa akiweka jina na mara nyingine mwaka, jambo linalosaidia sana kwenye kazi kama ile ya Audubon ya ndege wa Amerika, iliyochapwa kati ya 1827 na 1838 ikiwa na mabamba 435. Mwaka wa alama ya maji ukiwa umepita mwaka wa kitabu, picha yako ilichapwa baadaye.

Kisha chukua ile tochi ndogo ya kukagulia noti bandia, uzime taa, uimulike karatasi. Tangu miaka ya 1950 hivi viwanda vimekuwa vikitia kemikali za kuing'arisha karatasi, na karatasi hiyo huwaka buluu nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga. Karatasi ya 1800 hubaki hafifu. Kutowaka hakuthibitishi ukale, maana ipo karatasi ya leo isiyo na kemikali hizo. Kuwaka ndiko kunakomaliza ubishi.

Umri wa kweli una tabia yake. Karatasi iliyokaa kitabuni huzeeka kuanzia kingo, kwa sababu hewa na vumbi huingilia huko, na katikati hubaki nyeupe zaidi. Aliyeichovya kwenye chai huipata rangi moja kila mahali. Vitundu vya uzi kwenye ukingo mmoja ni habari njema, kwani hapo ndipo ilipokuwa imeshonwa, na vivyo hivyo kivuli hafifu cha maandishi ya ukurasa uliokuwa ukiikabili.

Hatua ya 5: Rangi, na majeraha

Rangi ya wakati ule ilipakwa kwa maji, mkono kwa mkono, na watu waliolipwa kidogo kwa kazi nyingi. Tarajia mahali ilipovuka mstari, na mahali ilipotuama ikaacha ukingo mzito. Picha nyingi zilizotoka nyeusi na nyeupe zimepakwa rangi miaka ya karibuni ili zipate bei. Dalili yake ni kijani kibichi chenye kelele, au rangi iliyozama kwenye mikunjo na madoa, maana doa lilitangulia. Geuza nyuma: kijani cha kale kilichotokana na shaba huiunguza karatasi taratibu, nawe utakiona kimetokeza upande wa pili kwa rangi ya hudhurungi.

Madoa madogo ya kahawia yaliyotawanyika husababishwa na kuvu pamoja na chembe za chuma ndani ya karatasi. Machache kwenye kingo hayanisumbui. Yakiwa usoni mwa ndege, punguza bei au achana nayo. Usijaribu kuyatoa kwa dawa ya kufulia. Nimeona picha iliyooshwa hivyo, na kifua chekundu cha ndege kimebaki waridi. Mistari ya hudhurungi inayoizunguka picha kama dirisha ni alama ya kadibodi mbaya ya fremu ya zamani, na haitoki kirahisi.

Kuna jeraha ambalo mimi silinunui kwa bei yoyote: muhuri wa maktaba usio na alama ya kuonyesha kuwa kitabu kiliondolewa kihalali. Picha hizi zimeibwa sana kwa wembe. Muulize muuzaji ilipatikana wapi, na jibu lisipokuja, ondoka.

Hatua ya 6: Kuuliza, kulipa, kuingiza nchini

Mwombe muuzaji wa mbali picha nne: mbele yote pamoja na kingo, nyuma yote, pembe moja yenye alama ya bamba ikimulikwa kwa ubavu, na jicho la ndege kwa karibu. Muuzaji anayejua kazi yake atazituma siku hiyohiyo. Akuandikie kwenye risiti jina la kitabu, namba ya bamba, mwaka, namna ilivyochapwa, na kama rangi ni ya wakati ule. Neno la Kiingereza "facsimile" maana yake ni nakala. Neno "after" kabla ya jina la mchoraji husema tu kwamba mtu mwingine aliichapa kwa kufuata mchoro wake, kwa hiyo uliza ni nani na lini. Zipo nakala za heshima, kama zile za Audubon zilizotolewa Amsterdam mwaka 1971, na si vibaya kuzinunua kwa bei ya nakala.

Omba itumwe ikiwa imelala kati ya vibao viwili vikubwa kuliko yenyewe. Ikiviringishwa, rangi zenye gundi hupasuka.

Forodhani, Jumuiya ya Afrika Mashariki inafuata namba za kimataifa za HS, zinazopanga bidhaa kwa aina. Picha ya asili iliyochapwa moja kwa moja kutoka kwenye bamba au jiwe lililofanyiwa kazi kwa mkono iko chini ya 97.02, na tangu marekebisho ya 2022 zile zenye umri wa zaidi ya miaka 100 zina kijinamba chake, 9702.10. Picha ya kawaida ya kiwandani iko 49.11. Risiti ikisema tu "picture", utapangiwa wanavyoona wao. Mpe wakala risiti yenye mwaka na namna ya uchapaji kabla mzigo haujafika.

Hatua ya 7: Kuitunza kwenye joto na chumvi

Hapa ndipo wa pwani tunapopoteza. Makumbusho hutaka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, unyevu huvuka asilimia 70 kwa urahisi, na kuanzia hapo kuvu huota. Huwezi kuigeuza nyumba kuwa makumbusho, ila unaweza kuchagua ukuta. Chagua ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua kwa nje, mbali na jiko na bafu, mahali ambapo jua haliingii hata saa kumi jioni. Bandika vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kipimo kidogo cha unyevu ni rahisi; kiweke karibu na picha, ukisome kila wiki kwa mwezi mmoja kabla ya kuitundika.

Kwa fundi, agiza hivi: kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma, iliyokatwa dirisha ili kioo kisiguse karatasi, kioo au plastiki ngumu inayozuia miale ya jua, picha ishikwe kwa vipande viwili tu vya karatasi ya Kijapani upande wa juu, kwa uji wa wanga wa ngano. Hakuna selotepu, hakuna gundi ya mbao, na plaiwudi isiguse karatasi kamwe, maana asidi yake huacha sura ya mbao mgongoni mwa picha.

Zisizotundikwa zilaze kwenye boksi bapa, kila moja ndani ya folda yake, juu ya kabati lisilogusa sakafu. Mchwa hupanda kutoka chini, na mende pamoja na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu hupenda wanga na gundi. Vidonge vya nondo visiwekwe ndani ya boksi. Badilisha zilizo ukutani: miezi sita nje, miezi sita ndani ya boksi, kwa sababu mwanga ukishaila rangi hairudi.

Kwa kila picha nina kadi, iliyoandikwa kwa penseli na kuwekwa nje ya folda, kamwe si nyuma ya picha yenyewe. Ina jina la ndege kwa Kiswahili, kitabu na namba ya bamba, vipimo vya bamba na vya karatasi kwa milimita, niliinunua lini na wapi, na majeraha yake yote siku ilipofika. Mvua za masika zikiisha huifungua kila fremu, naipigia picha karatasi kwenye mwanga wa dirisha, naifananisha na ile ya mwaka uliotangulia, na kuandika tarehe. Kadi ya furukombe ya mwaka huu ina mstari mmoja: doa jipya, upande wa kushoto chini, milimita 2, ahamishiwe ukuta wa ukumbini.